Mafunzo ya maudhui ya mtandaoni Dodoma: siku ya pili ndiyo yenye thamani ya ada

Matangazo ya mafunzo mafupi ya kutengeneza maudhui ya mtandaoni yamekuwa mengi jijini Dodoma, na wanaolengwa ni walewale: wafanyabiashara wadogo, wanafunzi wa vyuo na maofisa habari wa taasisi. Haya ninayoyatathmini hutolewa kwa siku mbili katika ukumbi wa kukodi usio mbali na Nyerere Square, kwa ada ya shilingi 60,000 pamoja na chai na chakula cha mchana. Niliyahudhuria kwa niaba ya kikundi cha wakulima wa zabibu ambacho kurasa zake nazisimamia, na kwa maoni yangu thamani ya ada hiyo imo karibu yote katika siku ya pili.

Siku ya kwanza ilihusu simu, mwanga, sauti na namna ya kumnasa mtazamaji katika sekunde za mwanzo. Hakuna kilichofundishwa vibaya, ila mengi ya hayo hupatikana bure YouTube kwa mwenye bando na subira. Kilichonikera ni mifano: karibu yote ilikuwa video za kuchekesha zilizotrendi kwa siku chache, na mkufunzi alizisifu kwa idadi ya watazamaji bila kujiuliza kama kuna anayezitafuta leo.

Siku ya pili iliongozwa na mkufunzi mwingine, mama mtulivu asiyependa slaidi, ambaye alianza kwa kututaka tufungue simu zetu na kunakili maswali ambayo wateja wetu hutuuliza tena na tena. Zoezi hilo lilichukua asubuhi nzima na halikuchosha. Zabibu za Dodoma huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo maswali ya wakulima nayo hurudi kwa misimu: mzabibu upumzishwe muda gani baada ya mavuno kabla ya kupogolewa, matawi yabaki na macho (vichipukizi) mangapi, na unga mweupe unaotanda juu ya majani unatibiwaje. Mkufunzi alionyesha kwamba video fupi inayojibu swali moja la aina hiyo, yenye kichwa kilichoandikwa kama mkulima mwenyewe anavyouliza, itatafutwa kila msimu hata kama wiki ya kwanza imetazamwa na watu wachache, ilhali salamu zetu za sikukuu, ambazo huwa tunazigharamia sana, hufa na sikukuu yenyewe. Mshiriki mmoja anayeongoza wageni Kondoa aligundua vivyo hivyo. Michoro ya miambani ya Kolo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, naye alikuwa akiposti picha nzuri za michoro hiyo, lakini tangu treni ya SGR kutoka Dar es Salaam ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wageni wanamuuliza jambo moja tu: wakishuka stesheni, wanafikaje huko?

Sehemu ya usambazaji ndiyo iliyonishawishi zaidi, kwa sababu ilizungumzia WhatsApp kama watu wanavyoitumia hapa. Status hutoweka baada ya saa 24, na ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi huwekewa mishale miwili, kisha mtu hawezi kuusambaza ila kwa mtu au kundi moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo maudhui yanayotegemea kurushwa kwa wingi hukwama njiani, na yale yanayotumwa kwa mtu mahsusi ndiyo yanayoendelea. Mtu hamtumii shemeji yake video kwa kuwa imehaririwa vizuri. Anamtumia kwa kuwa shemeji ana shamba Hombolo na juzi alilalamikia majani. Kutokana na hilo tulielekezwa kuweka jina la kikundi, mahali na mwaka ndani ya picha yenyewe, kwa sababu maelezo ya pembeni hupotea video inapohama kundi, na kutumia maandishi makubwa, kwa kuwa WhatsApp huminya picha hadi herufi ndogo zikafifia.

Sikukubaliana na mkufunzi huyo katika jambo moja. Alisema bei isitajwe kabisa kwa sababu huchakaa, na kwa YouTube ana haki: unaweza kubadilisha kichwa, maelezo na picha ya jalada, lakini huwezi kuweka video mpya mahali pa ile ya zamani kwa kiungo kilekile. Hata hivyo bei ndiyo habari ambayo wakulima husambaziana kwa haraka kuliko zote, na kikundi kinachoificha kitawaachia madalali nafasi hiyo. Nadhani bei ikae status na elimu ikae YouTube.

Suala la sheria lilisukumwa mwishoni, watu wakiwa tayari wanakusanya mabegi. Tulitajiwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018, na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, bila kuelezwa ni nani hasa miongoni mwetu anayeihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuguswa, ingawa wengi wetu tunapiga picha za wateja sokoni Majengo bila kuwaomba ridhaa. Kwa ukumbi uliojaa watu watakaoanza kurekodi kesho yake, huo ni upungufu mkubwa kuliko intaneti ya ukumbi, ambayo ilikatika mara kwa mara, au vitini vilivyoandikwa kwa Kiingereza huku mafunzo yakitolewa kwa Kiswahili.

Chakula kilikuwa kizuri, na mlenda ulitosha hata kwa waliochelewa. Anayeanza kabisa atanufaika na siku zote mbili. Aliyekwisha kuzoea kurekodi na kuhariri kwa simu angefaidi kulipia siku ya pili peke yake, lakini nilipouliza niliambiwa kwamba utaratibu huo haujawekwa.