Anwani mbadala za barua pepe: ipi ulipie, ipi uache

Anwani mbadala hupokea barua na kuzileta kwenye kikasha chako bila kutoa anwani yako halisi. Duka likianza kukumwagia matangazo, unazima anwani uliyolipatia duka hilo, nyingine zinaendelea. Kabla ya bei, uliza mawili: je, naweza kujibu kwa anwani hiyohiyo? Na kikoa, yaani kilicho baada ya @, ni mali ya nani?

Kwa mtu binafsi namba moja ni SimpleLogin, iliyonunuliwa na kampuni ya Proton ya Uswisi mwaka 2022. Bure unapata anwani 10, na kujibu kumo. Ukilipia, hakuna kikomo, na unaruhusiwa kuleta kikoa chako. Hilo la kikoa ndilo linaloipa nafasi ya kwanza: siku ukichoka nao, unahama na anwani zako.

Ya pili ni addy.io, zamani AnonAddy. Mpango wa bure hukupa anwani zisizo na idadi chini ya jina lako la mtumiaji, ila kujibu ni kwa wanaolipa. Kwa majarida na risiti inatosha. Lakini jina hilo likionekana kwenye anwani mbili, yeyote atajua ni za mtu mmoja.

DuckDuckGo ni ya tatu: bure, na huchuja vifuatiliaji, vinavyompasha mtumaji kuwa umefungua barua, kabla barua haijakufikia, ila kikoa chako hakikubaliwi. Firefox Relay ya bure ina anwani 5 tu. Mwenye iPhone anayelipia iCloud+, huduma ya Apple, tayari anayo Hide My Email, anwani mbadala za Apple, asinunue nyingine.

Ujanja wa Gmail wa kuongeza +duka baada ya jina? Wauza orodha za barua pepe wanaukata, anwani halisi inabaki mkononi mwao.

Timu ni habari nyingine kabisa. Hapo hamfichi kitu. Mnataka anwani ya mauzo ibaki hata muuzaji akiacha kazi. Anzeni na kikoa, .co.tz au .co.ke. Google Workspace, huduma ya Google kwa ofisi, inaruhusu anwani mbadala hadi 30 kwa kila mtumiaji bila nyongeza ya malipo. Cloudflare Email Routing ni bure, ila inapokea na kupeleka mbele tu. Huduma ya kutuma mtajitafutia. Na malipo ya kikoa yasimamiwe na watu wawili: kikiisha muda, anwani zote hukatika kwa pamoja.