Dola 95 za kuambiwa bega langu legevu

Mama Neema kaniambia niandike, niitoe moyoni, maana amechoka kuisikia mezani kila jioni. Basi naandika. Ni kwa wenzangu wachache tulioko huku Minnesota, tunaowinda bata vuli na kulenga visahani vya udongo kiangazi, na kwa yeyote mwenye bunduki ya marisawa inayojipakia yenyewe kwa gesi. Jina la duka silitaji. La bunduki pia silitaji, mashabiki wake watanijia juu, na huko mbele mtaona bunduki yenyewe haikuwa na kosa kubwa. Au ilikuwa nalo. Bado sijaamua.

Niliinunua imetumika, miaka kadhaa sasa, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia kwa wanawe. Bei nzuri, kitako cha mti, haina mkwaruzo wa kutisha. Kiangazi cha kwanza ililia kama cherehani. Kiangazi kilichofuata ikaanza vituko. Unafyatua, kisahani kinapasuka, unataka kumalizia cha pili, kidole kinavuta, kimya. Unageuza bunduki kuangalia: ganda tupu limesimama wima kwenye tundu la kutolea, boliti (kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kufunga chemba) imelibana katikati, kama abiria aliyebanwa na mlango wa daladala. Unalichomoa kwa vidole, moto, unaendelea. Risasi mbili mbele, tena. Katika pakiti ya 25, saba au nane zinakwama. Wazungu wazee nyuma yangu kwenye foleni wanaangalia mawingu kwa adabu.

Nikaipeleka kwa fundi. Hapa ndipo naomba mnisikilize.

Duka lenyewe ni la siku nyingi, liko kama nusu saa kutoka kwangu, na hakuna lingine la karibu lenye fundi bunduki. Jamaa wa kaunta alikuwa na kijiti cha meno mdomoni. Nilivyofungua mkoba hakuitazama bunduki, alinitazama mimi. Akauliza, "Bunduki ya nani hii?" Yangu. "Yako wewe?" Yangu mimi. Kisha akaanza kuongea nami polepole na kwa sauti ya juu, silabi moja moja, kama mtu anayemsemesha babu kiziwi. Nina miaka kumi na zaidi nchi hii, nafundisha watoto wao hesabu. Nikamweleza tatizo. Akachukua risasi za bandia, akazipakia, akavuta boliti kwa mkono mara tatu, zikaruka nje vizuri, moja ikabingirika hadi kwenye kiatu changu. Akasema, "U-na-o-na? I-na-fa-nya ka-zi."

Jamani. Ukivuta kwa mkono gesi iko wapi? Kazi yote ya bunduki hii inafanywa na moshi wa baruti. Ukifyatua, sehemu ndogo ya gesi inapenya kwenye matundu madogo chini ya mtutu, inasukuma pistoni inayoteleza juu ya bomba la risasi (lile la chini ya mtutu, linalobeba risasi za akiba), pistoni inasukuma boliti nyuma, ganda linatoka, springi iliyojificha ndani ya kitako inarudisha boliti mbele na risasi mpya. Mkono wako unaweza kuvuta boliti hata kama matundu yote yameziba kwa saruji. Ni kama kusukuma gari mtelemkoni halafu utangaze kwamba injini ni nzima.

Lakini nikaiacha. Nilikuwa na heshima zangu.

Baada ya wiki tatu hivi wakanipigia. Dola 95. Karatasi imeandikwa imesafishwa, imejaribiwa. Na kweli ilikuwa inang'aa: imepakwa mafuta kila mahali, kama kichwa cha mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nikafurahi, nikiri. Mimi nimekulia Sikonge, babu yangu alikuwa na gobore la kuwindia kanga, na sheria yake ilikuwa moja tu: chuma hakikinai mafuta. Sikujua kwamba sheria ya gobore haiendi kwenye gesi. Gobore halina pistoni wala matundu. Likikataa, baruti imelowa, basi. Hii ukiilowesha mafuta kwenye lile bomba ambako pistoni inateleza, moto wa baruti unayachoma, yanachanganyika na masizi, unapata lami. Bomba linatakiwa lifutwe hadi liwe karibu kavu. Mafuta kidogo kwenye reli za boliti, tone hapa tone pale, imetosha.

Jumamosi nikaenda uwanjani. Risasi ya nne, mlango wa daladala.

Nikarudi dukani siku hiyo hiyo na maganda mfukoni. Yule yule, kijiti kile kile. Hakuifungua. Aliniambia nisimame, nishike kama nalenga, akanisukuma bega kwa vidole viwili mbele ya wateja, akasema bega langu legevu ndiyo maana bunduki haili. Kisha akaongeza, kama mtu anayenitupia sarafu: nunua risasi zenye nguvu.

Bega! Ziko bunduki zinazotegemea mshtuko wa kurudi nyuma, kama ile Auto-5 ya John Browning ya mwanzoni mwa karne iliyopita, ambayo mtutu mzima unarudi nyuma kila ukifyatua. Hiyo ukiishika ovyo inaweza kukususia. Lakini ya gesi inapata nguvu zake kwenye mtutu, bega lina sehemu ndogo sana katika habari hiyo. Fundi anayelipwa anapaswa kulijua hilo kabla ya kugusa bega la mtu. Nilitoka pale mikono inatetemeka. Nilikaa garini dakika kumi sijawasha. Nyota sifuri, kama ingewezekana.

Sasa kinachoniuma. Nilinunua hizo risasi zenye nguvu. Nilikuwa natumia zile nyepesi za bei rahisi, marisawa robo tatu na ushee ya wakia, karibu gramu 25, baruti yake ya kubembeleza. Nikapanda hadi wakia moja na moja ya nane, gramu 32. Bunduki ikala zote. Pakiti nzima, ya pili, ya tatu. Ikawa cherehani tena. Nikajiona mjinga, nikasema basi, yule bwana hana adabu ila kazi anaijua, nikafikia kuandika maneno ya kumsifu kwenye simu. Ningeyatuma leo ningekuwa najificha.

Maana bata walifika. Asubuhi moja ya Novemba, barafu nyembamba pembeni ya matete, pumzi inatoka moshi. Risasi za bata huku lazima ziwe za chuma au kitu kingine kisicho na sumu, zile za madini ya risasi zimepigwa marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima tangu 1991, na kwa kawaida zile za chuma zinapakiwa zitoke kwa kasi kubwa. Yaani nguvu ipo, tena ya kumwaga. Na sheria inaruhusu risasi tatu tu ndani ya bunduki unapowinda ndege wahamao, kwa hiyo ukikwama ya kwanza huna ya kuchezea. Bata watano walishuka, mabawa yamefungwa breki, nikaona hadi miguu yao ya rangi ya chungwa. Nikapiga, nikakosa. Sawa, ndiyo uwindaji. Nikavuta ya pili: kimya. Safari hii ganda lilitoka vizuri, lakini boliti ilikuwa inarudi mbele polepole, inatambaa, naiona kabisa kwa macho, kama mlango wa benki. Ikasimama kabla ya kufunga. Bata wakapanda hewani wakanipigia kelele. Walikuwa wananicheka, hakuna anayeweza kuniambia vinginevyo.

Jioni nikampigia jirani yangu, Mkenya, fundi wa malori ya dizeli. Bunduki hajawahi kushika. Nilipomaliza kueleza akasema, "Ndugu yangu, kama kuna pistoni kuna ringi. Na kama kuna ringi kuna mtu hakuiangalia. Nakuja."

Tukahakikisha haina kitu ndani, chemba na bomba, mara mbili, tukaifumua kwenye meza ya jikoni. Mama Neema alisimama mlangoni: "Baba Neema, meza hiyo tunalia ugali." Tukatandika magazeti.

Mtutu ulipotoka, jamaa akaingiza kucha kwenye bomba la risasi akachomoa kitu cheusi. "Ona." Oringi. Mpira mwembamba, ndugu yake yule wa kwenye mtungi wa gesi ya kupikia, kazi yake kuziba ili gesi isivuje mbele badala ya kusukuma pistoni. Ulikuwa umepasuka, mgumu kama tambi mbichi, na juu ya ule mpasuko kulikuwa na mafuta mapya yanayong'aa. Mafuta ya dola 95. Mtu aliupaka mafuta mpira uliokufa. Au hakuutazama, akapitisha brashi tu. Sijui lipi baya zaidi. Matundu ya gesi nayo: tulizungusha kijiti cha meno ndani yake (ndiyo, kijiti cha meno, nilicheka peke yangu), kikatoka na kaa gumu kama la chungu cha maharage yaliyoungua. Hapajasafishwa pale siku nyingi. Jirani akauliza kwa nini tusiyapanue kwa drili, tumalize. Video za hivyo zimejaa. Nikakataa: ukipanua, siku ya risasi kali boliti inarudi nyuma kama nyundo, na tundu likishapanuka halirudi kuwa dogo.

Lakini ile boliti ya kutambaa? Oringi haihusiki na kurudi mbele. Hiyo ni springi. Tukafungua kitako, bisibisi ndefu kupitia nyuma (vaeni miwani, springi iko kwenye mkazo na haina urafiki), na kutoka kwenye kibomba chake ukamwagika uji mweusi. Mafuta ya miaka, yameganda, yamechanganyika na kutu. Kiangazi yanalainika, bunduki inakwenda. Novemba yanakuwa gundi.

Nilianza kumtukana yule fundi kwa Kinyamwezi. Jirani akanikatiza: "Bunduki unaiwekaje?" Nikamwonyesha: kwenye sefu, imesimama, mtutu juu. "Na mafuta unapaka?" Kila mwezi, nikasema, kama babu. Akanyamaza tu, akanyoosha kidole kutoka juu ya boliti hadi chini kwenye kitako. Yanateremka. Nusu ya uji ule ni wa mzee aliyeniuzia. Nusu ni wangu mimi.

Kwa hiyo sasa niseme nini? Tulisafisha kila kitu, tukafuta bomba likawa kavu, springi tukaipaka mafuta kiduchu. Ikabaki oringi. Na oringi nikaifuata wapi? Duka lile lile. Zilikuwa zimening'inia kwenye ndoano nyuma ya kaunta, kimo cha kiwiko cha yule bwana. Amekuwa akizigusa kwa kiwiko muda wote aliokuwa ananisukuma bega. Dola nne na senti. Akaichomoa, akaiweka mezani, akasema polepole, "U-nge-se-ma ma-pe-ma u-na-ta-ka hii."

Nilinunua tatu.

Tangu hapo imeshapita risasi 200 na zaidi, zile nzito haijakwama hata moja, na barafuni boliti inafunga kwa kishindo. Zile nyepesi za bei rahisi bado zinaikwamisha moja moja, labda moja katika pakiti mbili. Yaani kwenye risasi alikuwa sahihi, nusu. Nawapa nyota mbili. Moja na nusu, kwa sababu ya bega. Bunduki nne, na sasa inalala mtutu chini. Tatizo ni kwamba risasi za wakia moja na moja ya nane, kwa kreti, pale kwao ndiyo bei ya chini, na zangu zimebaki pakiti mbili. Jumamosi naenda. Nitavaa koti lenye mabega.