Propela ya pichi isiyobadilika kwa Mazda 13B: ya kununua na ya kuacha

Anayejijengea ndege na kuifunga injini ya rota ya Mazda, akifika kwenye propela huwa mfuko umeshalegea. Hapo ndipo anapoanza kupekua mtandaoni akitafuta propela iliyotumika, iliyoshushwa kwenye ndege yenye injini ya pistoni ya Lycoming ya nguvu farasi 160, kwa hoja kwamba na 13B yake inatoa hizohizo 160. Propela hiyo ni hasara hata ukipewa bure. Nguvu farasi peke yake haichagui propela. Inabidi ujue pia itazungushwa kwa RPM (mizunguko kwa dakika) ngapi, ndege itakwenda kwa kasi gani, na kwenye hewa ya uzito gani. Lycoming inaizungusha propela moja kwa moja kwa 2700. Kwenye 13B kuna giaboksi ya kupunguza mizunguko katikati, na giaboksi hiyo ndiyo inayoamua karibu yote yaliyobaki.

Uhakiki huu unahusu ndege ya viti viwili ya daraja la Van's RV-4, injini ikiwa mbele, 13B ya rota mbili (sentimita za ujazo 1308) isiyo na turbo. Hukumu yetu kwa kifupi: kama giaboksi ni ya uwiano wa 2.85, agiza propela ya mbao ya mapanga mawili, kipenyo cha inchi 74, yenye pichi (hatua ya kusonga kwa mzunguko mmoja) ya inchi themanini na kitu, ichongwe kwa ajili ya injini yako. Kama ni ya 2.17, shuka mpaka inchi 68 na uwe tayari kuongeza hela kidogo upate mapanga membamba zaidi kwenye ncha.

Hizo ndizo giaboksi mbili zinazojulikana sana kwenye injini hizi, zote za Real World Solutions ya Florida. Injini ikizunguka 7500 kwenye giaboksi ya 2.85, propela inazunguka 2630 hivi. Ikizunguka 7000 kwenye ya 2.17, propela inafika 3225. Chukua propela ya inchi 74, yaani mita 1.88, uizungushe kwa 3225: ncha zake zinakwenda mita 317 kwa sekunde. Ongeza mwendo wa ndege wa mita 90 kwa sekunde (zinajumlishwa kwa kanuni ya pembetatu mraba, si kwa kujumlisha moja kwa moja), unapata 330. Kwenye urefu wa mita 2400 angani hiyo ndiyo kasi ya sauti yenyewe. Panga la mbao nene likifika huko linapiga kelele, linakula nguvu na halivuti. Inchi 74 hiyohiyo kwenye 2630 inatoa ncha za mita 274, yaani asilimia 81 ya kasi ya sauti usawa wa bahari. Hapo ni salama. Kwa mbao tunaweka mpaka wa asilimia 85.

Mwenye 2.17 na inchi 68 akisukuma injini mpaka 7000 anafika asilimia 90. Akijibana kwenye 6500 anarudi 84, lakini nguvu iliyo juu ya 6500 ameilipia na haitumii. Hii ndiyo sababu tunaipendelea 2.85, ingawa propela kubwa inaleta taabu ya nafasi chini ya ncha. Kanuni za Marekani za ndege ndogo zilizothibitishwa zilidai inchi 7 kutoka ncha mpaka ardhini kwa ndege ya gurudumu la mbele na inchi 9 kwa ya gurudumu la mkia. Ndege ya kujijengea haifungwi na kanuni hiyo, lakini propela haijui hivyo. Pima ndege ikiwa imejaa mafuta na watu, matairi yakiwa na upepo pungufu kidogo.

Sasa pichi. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza. Propela ya 74 kwa 88 (kipenyo kwa pichi, kwa inchi) ikizunguka 2630 inatoa kasi ya kinadharia ya kilomita 353 kwa saa. 68 kwa 72 ikizunguka 3225 inatoa 354. Ndiyo kusema propela mbili zenye namba tofauti kabisa zinafanya kazi moja, na anayelinganisha namba hizo bila kuuliza giaboksi anajichanganya bure. Tena inchi 88 za mchongaji mmoja si 88 za mwingine: kuna anayepima pembe kwenye uso bapa wa nyuma wa panga, na kuna anayepima kwenye mstari ambapo panga halivuti chochote. Unaponakili propela ya mwenzako, nakili na jina la mchongaji.

Makosa mengi ni ya pichi kubwa mno. Mjenzi anaogopa RPM kubwa, kwa sababu masikio yamezoea injini za pistoni, kwa hiyo anaagiza pichi ya kuishikilia injini chini. Injini ya rota haina vali wala springi za vali, na shafti ikiwa 7500 rota yenyewe inazunguka 2500 tu, theluthi moja. Toki yake (msukumo wa kuzungusha shafti) ni tambarare, kwa hiyo nguvu inafuata RPM karibu sambamba: ukiishikilia 5000 wakati wa kuruka badala ya 6000, umeacha karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu kwenye saa ileile unayoihitaji zaidi. Safarini hakuna anayelazimishwa kukaa 7500. Mzigo wa propela hupanda kwa mchemraba wa RPM, kwa hiyo ukirudisha throtoli mpaka 5800 injini inatoa chini ya nusu ya ile nguvu ya 7500, na inatulia. Ukisitasita kati ya pichi mbili, chukua ndogo.

Ila ukubwa wa kipenyo usikudanganye mwanzoni mwa mbio. Kwa nadharia, kutoka inchi 68 kwenda 74 kwa nguvu ileile kunaongeza mvuto wa ndege iliyosimama kwa asilimia 6 hivi. Lakini panga la 74 kwa 88, kwenye robo tatu ya urefu wake, limelala pembe ya nyuzi 27 karibu, na ndege ikiwa imesimama sehemu kubwa ya panga hilo imezidiwa na pembe, hewa inabanduka. Mvuto unakuja ndege ikishachangamka. Kwenye njia fupi ya majani utaiona tofauti hiyo kwa macho.

Tukija kwenye aina zenyewe. Mbao inashinda kwa bei, kwa wepesi na kwa kukubali kuchongwa upya. Wepesi ni jambo kubwa hapa, kwa sababu kila unapofungua au kufunga throtoli ghafla, meno ya giaboksi ndiyo yanayobeba uzito wa propela inayokataa kubadili mwendo. Udhaifu wa mbao ni ukingo wa mbele, maana mvua na kokoto vinautafuna, na kwenye mvua lazima upunguze RPM.

Mbao iliyofunikwa kwa faiba au nyuzi za kaboni, kama zinazotengenezwa na Catto wa California, ndiyo tunayompa mwenye 2.17: ncha zinaweza kuwa nyembamba, na ukingo unaweza kuvikwa nikeli ikastahimili mvua. Ni ghali zaidi, na foleni ya kuisubiri huwa ndefu. Mapanga matatu yanasaidia pale nafasi ya ardhini inapokosekana, na mtetemo unapungua, ila usitegemee kasi zaidi kwa sababu ya panga la tatu.

Ya aluminiamu hatuipendekezi kabisa. Ni nzito, na propela ya metali hupimwa mtetemo ikiwa kwenye injini fulani mahususi. Sensenich, wanaotengeneza propela tangu 1932, wanapoitaja propela yao kuwa inafaa kwa Lycoming fulani wanazungumzia Lycoming hiyo, si giaboksi yako. Panga la metali likipata mtetemo linaoupenda linapasuka kwa uchovu, na ncha ikiruka injini nzima inaweza kung'oka.

Zile za kurekebishwa pembe ndege ikiwa chini, kama Warp Drive za kaboni, zinavutia kwa sababu unaweza kutafuta pichi kwa spana. Kwa majaribio ni nzuri. Kwa ndege ya kilomita 330 kwa saa angalia msokoto wa panga: panga lililosokotwa kwa ajili ya ndege za polepole, ukiligeuza mpaka pembe kubwa, linakuwa sawa sehemu moja tu na kwingine kote linakosea.

Kabla ya kuagiza chochote, hakikisha mwelekeo. Giaboksi ya gia mbili zinazoumana kwa nje inageuza mzunguko. Ya mkanda au mnyororo haigeuzi. Ya sayari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati) inategemea kipande kipi kimezuiwa. Zungusha injini kwa mkono, plagi zikiwa nje, utazame kutoka kiti cha rubani propela inakwenda upande gani, kisha uandike hivyo kwenye oda. Propela ya upande usio wako huwezi kuigeuza nyuma mbele ukaitumia.

Kwenye oda hiyo usiandike nguvu ya kwenye brosha ya gari. RX-8, gari la Mazda lenye injini ya aina hii, ile ya gia za mkono ilitangazwa nguvu farasi 230 na zaidi kidogo, lakini kwa 8500, ambayo kwenye ndege hutaifika. Toki yake ya kilele ni Nm 216 kwa 5500, yaani nguvu farasi 167. Mchongaji anataka: uwiano wa giaboksi, RPM ya juu unayoitaka ndege ikiwa angani throtoli wazi yote, kasi ya kweli unayotegemea kwenye urefu gani, mpangilio wa bolti kwenye flanji (sahani ya shafti inayofungiwa propela), na kimo cha uwanja wako.

Kimo si mapambo. Wilson, Nairobi, iko karibu mita 1690 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 25 hewa yake ina asilimia 79 hivi ya uzito wa hewa ya kawaida ya pwani. Injini inapungua nguvu na propela inapungua mzigo kwa pamoja, kwa hiyo RPM ya ndege iliyosimama inabaki karibu palepale, huku mvuto ukiwa umepungua kwa sehemu moja kati ya tano. Takomita (kipimo cha RPM) ikisoma vizuri Wilson si ushahidi kwamba ndege itaruka vizuri.

Mbao na unyevu ndiyo habari nyingine ya kwetu. Propela ya mbao haiendeshwi na bolti; inaendeshwa na msuguano kati ya kitovu na flanji, na bolti kazi yake ni kukandamiza. Iliyokazwa Mombasa ikiwa imevimba kwa unyevu, ukiihamishia bara kiangazi inasinyaa, mkandamizo unakwisha, kitovu kinaanza kucheza, uso wake unaungua mpaka unakuwa mweusi, mwishowe bolti zinakatika. Weka sahani ya kukandamizia mbele ya kitovu, kaza kwa kupokezana pande mkabala, kwa toki aliyotaja mchongaji, na usizidishe kwa sababu nyuzi za mbao zitapondeka. Kagua baada ya safari ya kwanza, baada ya saa 25, kisha kila saa 50 na kila majira yanapobadilika. Fungua waya wa usalama kabla ya kupima mkazo wa bolti. Ncha zote mbili zipite mstari mmoja, tofauti isizidi milimita 3. Ukiiegesha ndege, laza propela mlalo. Ikisimama wima unyevu unashukia panga la chini na usawa unapotea.

Jaribio la kwanza: funga mkia kwa kamba, weka vizuizi kwenye magurudumu, throtoli yote. Kwa propela iliyopangiwa 7500 angani tunategemea 6000 au zaidi kidogo ndege ikiwa ardhini. Ikigota 5200, usikimbilie kulaumu pichi. Pima RPM ya propela yenyewe kwa takomita ya mwanga, maana kompyuta ya injini iliyoandikwa uwiano usio wake inadanganya kutwa. Kisha angalia kama throtoli inafunguka mpaka mwisho, kama plagi zote nne zinafanya kazi, kama sailensa haijaziba. Vyote vikiwa sawa, ndipo upunguze pichi. Inchi moja inabadilisha RPM ya propela kwa 20 hadi 30. Zidisha kwa 2.85 uone upande wa injini ni kama 70. Kwa hiyo pengo la 800 si la kuchongachonga, ni la propela nyingine.

Wenye injini nyuma, kama Long-EZ na Cozy, waongeze wasiwasi mmoja. Moshi wa injini ya rota ni wa moto kuliko wa pistoni, na sailensa zake za ndani hupasuka vipandevipande, navyo vyote vinapitia kwenye mapanga. Elekeza bomba mbali na mzunguko wa propela, na kila kiambaza cha ndani ya sailensa kifungwe kwa kulehemu pande zote mbili. Rangi ikianza kubadilika karibu na kitovu, bomba linailenga mbao, na propela hiyo isiruke tena mpaka bomba lihamishwe.