Vitafunio vya mwenye kisukari mjini Tabora: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Ulizia dukani kitu kitamu cha mwenye kisukari, na mara nyingi utapewa pakiti iliyoandikwa "sugar free" kwa bei iliyochangamka. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula, maneno hayo yana maana moja tu: sukari haizidi gramu 0.5 katika kila gramu 100 za bidhaa. Hayasemi lolote kuhusu unga. Na mwilini unga wa ngano, wa mchele na wa mahindi vyote huishia kuwa glukosi kwenye damu.

Kwa hiyo hapa tumepanga kwa wanga wote uliomo, si kwa maandishi ya mbele ya pakiti. Kwa watu wazima wengi, kitafunio chenye wanga usiozidi gramu 15 ni kipimo cha kuanzia. Kama daktari au mtaalamu wa lishe amekupa kipimo kingine, fuata chake.

Nafasi ya kwanza: karanga

Tabora haina sababu ya kuagiza kitafunio cha kisukari kutoka mbali wakati karanga zimejaa sokoni. Kiganja kimoja, kama gramu 30, kina wanga wa gramu 5 hivi, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Mafuta na protini yake hushibisha. Tatizo ni moja: kiganja hicho kina kalori kama 170, na mkono ukizoea kurudi kwenye bakuli, uzito utapanda. Pima, funga vipimo vya siku, kisha weka chombo mbali.

Ukinunua mbichi, zimwage kwenye ungo uzichambue. Tupa zilizokunjamana, zenye weusi, zenye ukungu au zilizotobolewa na wadudu. Sumukuvu hukaa humo, na kukaanga hakuimalizi. Punje ikiwa chungu mdomoni, iteme, usimeze kwa aibu. Kaanga kwa moto mdogo bila mafuta huku ukigeuza, mpaka ganda jekundu litoke ukisugua kwa vidole. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi.

Zilizokaangwa tayari zina mitego miwili. Kuna zilizolowekwa maji ya chumvi, ambazo hazimfai mwenye presha, na wenye kisukari wengi wana presha pia. Halafu kuna karanga za mayai: lile ganda la nje ni unga wa ngano na sukari, hivyo hesabu yake ni ya biskuti. Kashata ndiyo kabisa, kwani kinachoshikanisha karanga ni sukari iliyoyeyushwa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki kwanza, maana karanga zina potasiamu na fosforasi nyingi.

Ya pili: mtindi usiotiwa kitu

Glasi ya mililita 250 ina wanga wa gramu 12 hivi, wote wa maziwa yenyewe. Wa vanila au stroberi huwa umeongezwa sukari, na ujazo huohuo unaweza kufika gramu 30. Ukinunua kwa muuzaji wa mtaani, muulize kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Akisita, acha: maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu. Ukitaka ladha, nyunyiza mdalasini wa unga.

Ya tatu: tunda, kwa kipande

Pera ndilo bora, kwa sababu gramu 100 zina wanga wa gramu 14 na nyuzinyuzi kama 5. Lile kwa maganda yake. Papai linafuata, vipande vya kujaza kikombe kimoja. Embe si haramu, ila msimu ukifika Tabora huliwa kwa ndoo, na hapo ndipo kliniki huona vipimo vikipaa. Gramu 100 za nyama ya embe zina wanga wa gramu 15, yaani nusu ya embe la wastani inatosha. Juisi, hata uliyokamua mwenyewe bila sukari, usiihesabu kuwa tunda: glasi moja hubeba matunda kadhaa, na ukiichuja umetupa nyuzinyuzi.

Ya nne: pipi na bigijii zisizo na sukari

Hizi zinafaa kwa hamu ya ghafla, moja au mbili. Geuza pakiti utafute maltitol (E965), sorbitol (E420), xylitol (E967) au erythritol (E968). Hazilingani. Erythritol karibu haigusi sukari ya damu, lakini maltitol huipandisha kwa kiasi cha kama nusu ya sukari ya kawaida. Karibu zote, ukizidisha, huleta gesi na kuharisha. Anayemeza metformin, ambayo nayo huchafua tumbo hasa mwanzoni, atailaumu dawa bure. Na kama una mbwa, ficha zenye xylitol, kwake ni sumu.

Soda za zero ziko nafasi hii pia. Haziongezi sukari ya damu, ila tindikali yake hula meno.

Ya tano: chokoleti nyeusi

Chukua ya kakao asilimia 70 kwenda juu, vipande viwili basi. Iliyo na madoa meupe mara nyingi iliyeyuka kwa joto ikaganda tena. Hailetei ugonjwa ila ladha imepotea, usiilipie bei kamili.

Ya mwisho: biskuti za "sugar free"

Fanya hesabu ukiwa bado dukani. Nyuma ya pakiti tafuta mstari ulioandikwa "Carbohydrate", kwenye safu ya gramu 100. Tuseme pakiti inasema 65. Kama uzito wote ni gramu 150 na ndani zimo biskuti 15, kila moja ni gramu 10, yaani wanga wa gramu 6.5. Tatu tu zimefika gramu 19.5, zaidi ya kipande cha kawaida cha mkate. Kisha linganisha na biskuti ya kawaida iliyo jirani yake rafuni: mara nyingi tofauti ya wanga ni ndogo na tofauti ya bei ni kubwa. Ukikuta maltodextrin au dextrose kwenye orodha ya viambato, hiyo ni wanga wa kupanda haraka, hata kama jina la sukari halimo.

Asali hatukuipa nafasi

Tunajua tunaandika kwa watu wa mkoa wa asali, na wapo watakaonuna. Lakini kauli ya kwamba asali ya Sikonge haina madhara kwa mwenye kisukari kwa kuwa ni ya asili si kweli. Kijiko cha mezani kina sukari ya gramu 17 hivi, sawa na vijiko 4 vya chai vya sukari ya dukani. Ya nyuki wadogo nayo ni tamu kwa sababu ya sukari. Tende ziko kundi hilohilo: moja kubwa inafika gramu 18 za wanga.

Asali ina kazi moja nzuri. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kipimo chini ya 3.9 mmol/L. Hapo apewe kijiko kimoja cha mezani cha asali, au vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Pipi isiyo na sukari haitamsaidia, na chokoleti inachelewa. Asiyeweza kumeza au aliyezimia asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kujaribu bidhaa mpya

Stripu za mashine ya kupimia sukari ni ghali, kwa hiyo jaribu kitu kimoja tu, siku ambayo hukubadilisha dawa wala chakula. Pima, kula kiasi ulichokihesabu, pima tena saa 2 tangu tonge la kwanza. Ikivuka 10 mmol/L, punguza kiasi kwa nusu siku nyingine kabla ya kukiacha kabisa. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kutoboa: kidole chenye maji ya embe hutoa namba kubwa kuliko iliyomo kwenye damu. Na kopo la stripu lifunike papo hapo, joto na unyevu huziharibu hata kama tarehe yake haijapita.