Mafunzo ya wiki sita kwa mameneja: shajara imenizindua, mengine ningeyaruka

Nimemaliza mafunzo ya wiki sita yanayotolewa kwa njia ya intaneti kwa mameneja na wakuu wa vitengo, na ninaona vyema kueleza yanapofaa na yanapopwaya, kwa kuwa tangazo lake linaahidi kuamsha ari na ubunifu wa wafanyakazi bila kusema kwa njia gani.

Wiki mbili za mwanzo ni za kuvumilia tu: tofauti ya kiongozi na bosi, ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye semina ameshaisikia. Uhai unaanza wiki ya tatu, mkufunzi anapofafanua utafiti wa Teresa Amabile na Steven Kramer wa Marekani, uliotolewa kitabu mwaka 2011. Walikusanya taarifa za shajara karibu 12,000 kutoka kwa wafanyakazi 238 wa kampuni 7, wakabaini kwamba kinachompa mtu ari siku hadi siku kuliko vingine ni kuona kazi anayoithamini ikisonga mbele, hata kwa hatua ndogo. Mameneja 669 walipotakiwa kupanga vichocheo vitano vya motisha kwa uzito wake, hicho walikiweka mkiani.

Baada ya hapo tulipewa zoezi: kwa siku kumi, kila jioni, uandike ulichofanya kilichosogeza kazi ya mtu na kilichoikwamisha. Siku ya nne niliandika kwamba nilipokea rasimu ya ripoti ya msaidizi wangu, nikabadilisha «hata hivyo» ikawa «walakini», nikashusha aya ya pili ikawa ya tatu, nikamrudishia bila neno lolote. Rasimu yake iliyofuata ilikuja nusu, na chini yake ameandika: «Iliyobaki nasubiri maelekezo yako, mkuu.» Ningemwita mvivu, kama nisingekuwa na shajara mbele yangu.

Kasoro zipo. Utafiti wa Amy Edmondson wa mwaka 1999, uliochunguza timu 51 na kuonyesha kwamba watu hujifunza zaidi pale wasipoogopa kuuliza au kukiri kosa, umepewa dakika kumi tu, ilhali wazo jipya mara nyingi hufia kikaoni, kwa guno moja la mkubwa. Suala la mshahara limepitwa juujuu, kana kwamba neno jema linaweza kuziba pengo la malipo duni. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Isitoshe, mkufunzi anayehimiza kuwajibu watu kwa wakati alichukua siku tano kunijibu swali, kisha akaandika «Sawa.»

Mwenye muda mchache aanzie wiki ya tatu moja kwa moja. Mfumo unaruhusu kuruka vipindi, ingawa aliyeruka hapewi cheti.