Burning (2018): kama huna subira usiiguse, kama unayo ficha rimoti

Kwa wale wapenzi wa movi za kuchezea akili, zile ambazo hakuna mtu anakimbizwa na panga ila wewe uliyekaa kwenye kochi ndo unatokwa jasho, nimeiangalia Burning ya Lee Chang-dong sebuleni kwa sista na nina maneno mengi. Ni ya Korea Kusini, dakika 148, wanaongea Kikorea kwa hiyo ni kusoma sabtaito mwanzo mwisho. Na niseme mapema, kama umezoea siizi za Kikorea za mapenzi zile za kulia na kununiana, hii haina undugu nazo kabisa.

Stori yenyewe ukimhadithia mtu unamaliza kabla chai haijapoa. Jong-su ni kijana kamaliza chuo, anataka kuwa mwandishi ila hajaandika kitu, anapiga deiwaka za kupeleka mizigo. Anakutana na Hae-mi, demu waliyekulia naye kijiji kimoja, kasimama mbele ya duka anacheza kuita wateja. Mambo yanaanza kunoga, mara demu anasema mi nasafiri naenda Afrika, naomba uwe unakuja geto kumlishia paka wangu. Anarudi kaongozana na mwanaume mwingine, Ben, wamefahamiana uwanja wa ndege wa Nairobi walipokwama kwa tishio la ugaidi, na huyo Ben ni mtoto wa kishua haswa, anaendesha Porsche, anakaa Gangnam, mtaa wa matajiri kule Seoul, pasta anajipikia mwenyewe, na ukimuuliza unafanya kazi gani anakujibu mimi nacheza tu. Jong-su yeye ana kipikapu chakavu, ndama mmoja, na baba ambaye ana kesi mahakamani ya kumpiga mtumishi wa serikali. Halafu Hae-mi anapotea. Basi.

Sasa utamu uko wapi? Kuna sehemu mwanzoni kabisa wako baa, Hae-mi anamenya chenza ambalo halipo. Anamenya ganda, anatoa kipande, anatia mdomoni, anatafuna hadi wewe mate yanakutoka, halafu anamwambia Jong-su siri yake, kwamba hatakiwi kufikiri chenza lipo, anatakiwa tu asahau kwamba halipo. Ukiishika hiyo umeishika movi nzima, kwa sababu kuanzia hapo kila kitu kinakwenda hivyo hivyo. Paka analishwa lakini haonekani, chakula kinaisha na kinyesi kipo, paka yuko wapi? Hae-mi anasema utotoni alitumbukia kisimani, watu wengine wanasema hapo hapajawahi kuwa na kisima. Simu inaita nyumbani usiku, unapokea, hamna anayeongea. Hakuna kitu hata kimoja unachoonyeshwa ukasema eeh huu ndo ushahidi, lakini tumbo linakukaza tu.

Ndo maana nasema rimoti ifichwe. Shemeji wangu ni mtu wa kufowadi, movi ikinyamaza kidogo tu anaipeleka mbele, na hii ukiipeleka mbele umeiua, maana vile vitu vya kijinga vya nusu saa ya kwanza, jina la paka, saa ya mkononi ya rangi ya pinki ya bei rahisi, vinarudi baadaye na ndo vinakupiga. Pia hii siyo ya kuangalia huku unachati, na hawa madj wetu wa kutafsiri movi hapa wangepata shida aisee, wangeijaza maneno pale ambapo mwenyewe kaiacha kimya makusudi. Kuhusu sauti, kama una sabufa punguza besi. Jong-su anakaa Paju, karibu na mpaka wa Korea Kaskazini, na kwa mbali kule shambani unasikia spika za propaganda zinabwabwaja kutoka ng'ambo, ni sauti ndogo sana, ukiweka besi ya bongofleva inamezwa yote. Iangalie usiku watoto wakishalala.

Sini niliyorudia mara nyingi ni ya jioni pale nyumbani kwa Jong-su. Watatu wamekaa nje, jua linazama, Ben katoa bangi wanavuta, kwenye gari inapigwa tarumbeta ya Miles Davis, na Hae-mi ananyanyuka anavua blauzi anaanza kucheza peke yake, mikono inakuwa kama ndege, giza linaingia taratibu mpaka unamuona kivuli tu. Aliyeshika kamera ni Hong Kyung-pyo, huyo huyo aliyepiga ile movi nyingine ya Kikorea, Parasite, kwa hiyo uzuri wake usishangae. Demu akishalala, Ben anaanza kumsimulia Jong-su kwa sauti ileile ya mtu anayekwambia wikiendi alienda kuangalia mpira, kwamba yeye ana kahobi kake, kila baada ya miezi miwili hivi anachoma moto kitalu nyumba, yale mabanda ya nailoni ya kuoteshea mboga, anachagua lililotelekezwa maana hata polisi hawahangaiki nalo. Na anasema banda linalofuata kuchomwa lipo karibu sana na hapo kwa Jong-su. Mimi nilikaa vizuri hapo.

Ben kachezwa na Steven Yeun, mliomuona kama Glenn kwenye The Walking Dead mtachanganyikiwa, maana hapa hafanyi chochote kibaya mbele ya macho yako, anatabasamu na kupiga miayo. Ile miayo! Mtu anahadithia jambo kwa moyo wote, Ben anaufunga mdomo wake kwa adabu, kachoka. Demu naye, Jeon Jong-seo, hii ndo ilikuwa movi yake ya kwanza na huwezi kuamini.

Malalamiko ninayo. Jong-su anamfuatilia Ben na lile pikapu lake bovu barabara nzima, Porsche mbele, mkweche nyuma, na jamaa hashtuki? Labda anajua na anajifanya, ila pamerefushwa sana. Na Hae-mi akishapotea wanaume wawili ndo wanabaki na movi, yeye anageuka kuwa fumbo lao, wakati ndiye aliyekuwa na uhai kuliko wote. Hapo nilikasirika kidogo.

Jibu hupewi, ujue kabisa. Sista hana shaka Ben ni muuaji, anataja ile droo ya bafuni yenye hereni na bangili za wanawake. Mimi nilikuwa upande wake mpaka niliporudia sehemu ya mwisho mwisho, kuna mahali Jong-su kakaa geto kwa Hae-mi anachapa kwenye laptop, hatimaye anaandika, kamera inarudi nyuma inatokea dirishani, na yanayokuja baada ya hapo sina uhakika kama yametokea au ndo riwaya yake anaitunga. Nilipomwambia shemeji akaniuliza kwa hiyo hata mauaji inawezekana hamna? Nikamwambia inawezekana. Akasema basi arudishiwe masaa yake mawili na nusu.