htop kwenye seva ndogo: tathmini ya chombo cha kusimamia michakato

Kila mfumo wa Linux huja na amri za kutosha za kuonyesha michakato inayoendelea na kuisimamisha, kwa hiyo mtu akiambiwa asakinishe htop ana haki ya kuuliza kama kweli anaihitaji. Nimeitumia kwa muda mrefu kwenye seva za kukodi zenye RAM ya GB 1 au 2, ambazo ndizo biashara nyingi ndogo huanza nazo, na jibu langu ni kwamba anaihitaji, ila si kwa kila kazi. Katika kutafuta mchakato unaosumbua sijaona chombo kinachoizidi kwa urahisi. Katika kuuzima ni ya kawaida tu. Na mipangilio inayokuja nayo humpotosha mgeni kuhusu matumizi ya kumbukumbu (RAM).

Programu hii iliandikwa na Hisham Muhammad wa Brazili na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, ikiwa mbadala wa top, amri ya zamani ya kuonyesha michakato, ambayo William LeFebvre aliianzisha mwaka 1984. Mwaka 2020 kundi la wasanidi wa kujitolea liliichukua na kutoa toleo la 3.0, na hadi leo ndilo linaloitunza. Haiuzwi, msimbo wake uko wazi, na kwenye Debian au Ubuntu hupatikana kwa amri moja: sudo apt install htop.

Ubora wake huonekana vizuri ukiulinganisha na ps, amri ambayo wengi wetu tulifundishwa kwanza. Amri ya ps aux hutoa orodha ya michakato yote kama ilivyo wakati huo, kisha hunyamaza. Jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui ni kwamba safu ya %CPU katika orodha hiyo haionyeshi matumizi ya sasa, bali muda wa prosesa ambao mchakato umeutumia, ukigawanywa kwa muda wote uliopita tangu ulipoanza. Hifadhidata iliyowashwa wiki tatu zilizopita, ikakaa bila kazi, kisha ikaanza kuibana prosesa dakika mbili zilizopita, itaonekana kwenye ps kana kwamba haina neno, na msimamizi ataanza kuwatafuta wasiohusika. htop hulinganisha usomaji mmoja na unaofuata, kwa kawaida kila baada ya sekunde 1.5, na hivyo mchakato unaosumbua hupanda juu ya orodha mara moja. Ni kweli kwamba top nayo hupima kwa njia hiyohiyo, na ina uwezo mwingi kuliko inavyosifiwa, lakini uwezo huo umefichwa nyuma ya herufi ambazo hakuna azikumbukaye seva inapokuwa imezidiwa. htop huziandika kazi zake kuu chini ya skrini, kuanzia F1 hadi F10, na hilo peke yake linatosha kuifanya ifae.

Chukua mfano wa seva ambayo tovuti yake imeanza kufunguka kwa shida. Ukibonyeza F4 na kuandika php, jina la programu inayoendesha tovuti hiyo, orodha hupungua kwa kila herufi hadi ibaki michakato inayohusika pekee. Ukiondoa kichujio hicho na kubonyeza F5, orodha hujipanga kwa ukoo, kila mchakato ukikaa chini ya mzazi wake, na hapo ndipo chanzo hujitokeza: chini ya cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, kuna sh kadhaa (programu ya kupokea amri), kila moja ikiwa na php yake, na zote zina amri ileile neno kwa neno. Maana yake ni kwamba kazi iliyopangwa kuanza kila dakika inachukua zaidi ya dakika moja kumalizika, nyingine zinaanzishwa juu yake, na zote zinagombania hifadhidata moja. Kuziua hizo php hakusaidii kitu, kwa kuwa dakika ijayo cron italeta nyingine; dawa ni kuihariri crontab, orodha ya ratiba hizo, ili kazi hiyo ianzishwe kupitia flock -n, ambayo hukataa kuanzisha ya pili wakati ya kwanza bado ipo. Ungeweza kufika hapo kwa ps -ef na kufuatilia namba za wazazi mstari kwa mstari, lakini ungechelewa.

Sasa lawama. Ikiwa haijabadilishwa mipangilio, htop huonyesha pia nyuzi za ndani za kila programu, kila uzi ukipewa mstari wake. Mwenye seva ya hifadhidata ya MySQL atakuta mysqld, programu yake kuu, imejirudia mistari kadhaa, na kila mstari unaonyesha kiasi kilekile katika safu ya RES, yaani RAM inayoshikiliwa. Mgeni huzijumlisha namba hizo na kupata jumla inayozidi RAM yote ya mashine, kisha hukimbilia kukodi seva kubwa zaidi. Nyuzi za mchakato mmoja hutumia kumbukumbu moja kwa pamoja, kwa hiyo kiasi hicho kinahesabiwa mara moja tu. Herufi kubwa H huzificha, na sioni sababu ya watunzaji kutoliweka hilo kuwa hali ya kawaida. Mstari wa kumbukumbu ulio juu ya skrini nao unahitaji maelezo: sehemu ya kijani ndiyo inayotumiwa na programu, ilhali ya njano ni akiba ya mafaili ambayo kerneli (kiini cha mfumo), kwa sehemu kubwa, huiachia programu zinapoihitaji, kwa hiyo mstari uliojaa njano si dalili ya ugonjwa.

Kuhusu kusimamisha michakato, F9 hufungua orodha ya ishara upande wa kushoto, na kwa uamuzi mzuri alama huwa tayari juu ya ishara namba 15, SIGTERM, inayoiomba programu ifunge kazi zake na kuondoka. Wengi huipita na kwenda moja kwa moja kwenye namba 9, SIGKILL, ambayo programu haiwezi kuikataa wala kuishughulikia, na hivyo haipati nafasi ya kuandika kwenye diski ilichokuwa imekishika. Namba 15 ipewe muda kwanza. Aidha, mchakato wenye herufi D katika safu ya S, inayoonyesha hali yake, mara nyingi unasubiri diski au hifadhi ya mtandaoni, na kwa kawaida hata namba 9 haitafanya kazi hadi kungoja huko kuishe; wenye Z umekwisha kufa na unasubiri tu mzazi wake apokee taarifa, kwa hiyo wa kushughulikiwa ni mzazi. Kwenye orodha htop huonyesha herufi hizo bila maelezo; huzieleza kwa ufupi tu katika ukurasa wa msaada wa F1.

Ninachokitilia shaka zaidi ni uwekaji alama kwa kitufe cha nafasi. Ukiweka alama kwenye michakato kadhaa, kisha ukashuka chini ya orodha na kuchagua mwingine, F9 hupeleka ishara kwa yote yenye alama, si kwa ule ulio mbele ya macho yako, na baada ya kubonyeza Enter hakuna swali la pili. Herufi kubwa U hufuta alama zote. Ibonyezwe kabla ya F9 kama mazoea. Huduma zinazoendeshwa na systemd, msimamizi wa huduma wa mifumo mingi ya Linux, zisiguswe hapa kabisa, maana nyingi zimepangwa kuanzishwa upya zikifa. Hizo huzimwa kwa systemctl stop.

Kwa skripti, htop haifai, kwa kuwa haina namna ya kutoa orodha bila skrini yake. Kazi hiyo ni ya pgrep, inayotafuta michakato, na pkill, inayoipelekea ishara. Bila chaguo la -f, amri hizi hulinganisha jina la mchakato pekee, ambalo kerneli ya Linux hulikata kwenye herufi 15, na ndiyo maana programu yenye jina refu huonekana kama haipo. Ukiongeza -f, ulinganisho hufanywa na mstari mzima wa amri, na hapo pkill inaweza kukumba hata mhariri wa maandishi uliofungua faili lenye jina hilo. Endesha kwanza pgrep -af kwa maneno yaleyale, soma kilichorudi, ndipo uandike pkill.

Kwa wanaoingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiongoza kutoka mbali, kupitia mtandao wa simu usiotulia, htop -d 50 hupunguza usasishaji hadi kila baada ya sekunde 5, na skrini haikwami. Mipangilio hubadilishwa kwa F2 na kuhifadhiwa katika faili ~/.config/htop/htoprc, ambalo linaweza kunakiliwa kwenye seva nyingine. Ila lisihaririwe kwa mkono wakati htop iko wazi, kwa sababu inapofungwa huliandika upya.